Pesa au Picha: Kisa cha Mwalimu wa Tanga na Noti Zake za Zamani

Jumapili moja ya Januari 2025, baada ya chakula cha mchana, mwalimu wa historia wa sekondari moja mjini Tanga alizitandaza mezani noti zake zote za zamani akaanza kuzihesabu mbele ya mke wake. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, zikiwemo za shilingi 20, 200, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000, pamoja na noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010, zingeondolewa katika mzunguko, na kwamba aliye nazo angelipwa thamani ileile kwa noti za sasa endapo angezipeleka benki kati ya tarehe 6 Januari na tarehe 5 Aprili 2025. Baada ya hapo zisingekuwa tena fedha halali. Hesabu ya pale mezani ilifika shilingi 305,640.

Watu wengi walilisikia tangazo lile wakaendelea na shughuli zao, kwa kuwa noti hizo hawakuwa wamezishika kwa miaka mingi. Katika nyumba hii lilikuwa jambo zito. Binti yao mkubwa alikuwa anaingia muhula wa pili chuoni na chumba chake hakijalipiwa, na mke wa Mwalimu, ambaye ni fundi cherehani na mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwao Ngamiani, alikuwa amekwisha kukopa mara moja ndani ya kikoba hicho. Alizitazama noti zile kwa muda, kisha akauliza: "Baba watoto, hizi ni pesa au ni picha?"

Mwalimu hakuwa na jibu siku ile. Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya wote wawili. Mimi na yeye tumefahamiana kwa zaidi ya miaka kumi kama wakusanyaji, tumebadilishana sarafu nyingi, na safari hii amenipa daftari lake nikalisome nyumbani. Daftari hilo ndilo linalokifanya kisa chake kifae kuchambuliwa, kwa sababu wakusanyaji wengi hukumbuka walichopata wakasahau walicholipa. Yeye huandika kila kitu: alichokitoa, alikokipata, bei, na hali yake. Jambo lililokwisha huliandika kwa wino, na lile ambalo hajaliamua huliandika kwa penseli.

Mwanzo wake ni wa kawaida. Babu yake, aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge, alimwachia kopo la maziwa lenye sarafu thelathini na kitu, nyingi zikiwa senti za tundu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na chache zikiwa hela za Mjerumani. Kwa mwalimu wa historia, kopo lile lilikuwa somo zima. Neno hela tunalolitumia kila siku linatokana na heller, sarafu ndogo ambayo kuanzia mwaka 1904 mia moja yake zilifanya rupia moja ya Kijerumani, na kabla ya hapo rupia hiyo iligawanywa kwa pesa 64. Bodi ya Sarafu iliundwa mwaka 1919, ikajaribu fedha iliyoitwa florini kwa muda mfupi, kisha ikaleta shilingi, ambayo Zanzibar iliipokea mwaka 1936 ilipoacha rupia yake. Noti za kwanza za Tanzania zilitolewa na Benki Kuu mwaka 1966, nazo zilikuwa nne tu: ya shilingi 5, ya 10, ya 20 na ya 100. Noti ya shilingi 20, ambayo mwaka 2025 hakuna aliyekuwa tayari kupoteza nauli ya bodaboda ili kuipeleka benki, ilikuwa ya pili kwa ukubwa nchini siku zile. Mkusanyaji wa pesa ana ubaya huu, kwamba kupanda kwa gharama za maisha hakusomi gazetini peke yake, bali kumepangwa kurasa kwa kurasa katika albamu yake mwenyewe.

Sasa tuingie katika hesabu. Daftari linaonyesha kwamba mwaka 2021 alitumia shilingi 460,000 kwa mkusanyo wake, na mwaka 2022 alitumia 390,000. Huo mwaka 2022 ndio ambao petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita baada ya vita vya Ukraine, na Serikali ikalazimika kuanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi katika mafuta. Nauli zilipanda, mafuta ya kupikia yalipanda, unga ulipanda. Kupungua kwa matumizi yake kwa shilingi 70,000 kunaeleweka. Kisichoeleweka kwa haraka ni mwaka 2023, ambao maisha yalikuwa magumu kuliko mwaka uliotangulia, lakini matumizi ya mkusanyo yalipanda yakafika shilingi 610,000. Nilipouona mstari ule nilidhani amekosea kujumlisha. Hakuwa amekosea.

Kilichotokea ni kwamba aliacha kuuita mkusanyo wake burudani akaanza kuuita akiba. Mfikirie mtu mwenye mshahara usiotosha, ambaye kila anapofungua kabati anaona aibu kwa kile anachokipenda. Njia rahisi kwake ya kuiondoa aibu ile ni kujiambia kwamba kitu hicho kitakuja kumlipa. Na wapo wengi wa kumsaidia kuliamini hilo. Tanga, kama ilivyo miji mingi ya zamani, haikosi hadithi za mali za Mjerumani zilizofukiwa, za rupia zinazotafutwa kwa mamilioni na matajiri wasiojulikana, na za madalali wanaojua kila kitu isipokuwa mahali mnunuzi anapoishi. Mwalimu, ambaye darasani hufundisha wanafunzi kuuliza ushahidi uko wapi, alinunua mara mbili bila kuuliza.

Mara ya kwanza alinunua sarafu 40 za shilingi moja ya Afrika Mashariki, zile zenye simba aliyesimama mbele ya milima, kwa shilingi 6,000 kila moja, akiambiwa kuwa ni fedha tupu, yaani ile metali ya masonara, na kwamba bei ya metali hiyo inapanda duniani. Jumla ilikuwa 240,000. Ukweli ni kwamba shilingi ya simba ya mwaka 1921 hadi 1946 ina uzito wa gramu 7.8 hivi, na robo tu ya uzito huo ndiyo fedha. Robo tatu zilizobaki ni metali nyingine. Zile zilizotolewa kuanzia mwaka 1948 hadi 1952 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe. Katika 40 zake, nane zilikuwa za kundi hili la mwisho. Kwa hiyo alichokuwa nacho ni gramu 62 hivi za fedha halisi zilizojificha ndani ya sarafu 32, na sonara aliyempelekea alimrudishia bila hata kuziweka kwenye mizani, kwa maelezo kwamba kuzitenganisha kungemgharimu kuliko kile ambacho angekipata. Miaka ya sarafu zile imeandikwa wazi juu yake. Angeisoma pale dukani, kama anavyosoma kila sarafu anayoinunua kwa mapenzi, angejua. Lakini siku ile hakuwa ananunua kama mkusanyaji.

Mara ya pili ilimuumiza zaidi. Dalali mmoja alimletea habari za sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916. Sarafu hiyo kweli ipo, tena ni katika sarafu zenye historia nzito kuliko zote za nchi yetu. Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na vita na meli zao haziwezi kufika, waliitengeneza katika karakana ya reli pale Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kabla mji haujatekwa na majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo Septemba ya mwaka huohuo. Zilitoka 16,198 tu. Dalali alitaka shilingi 180,000 kama malipo ya awali ili mwenye sarafu asiiuze kwa mwingine, na Mwalimu akazitoa, nusu yake ikiwa ni fedha iliyotengwa kwa ada. Sarafu ilipoletwa aliibeba hadi kwa sonara. Sarafu halisi ina uzito wa karibu gramu 7.17, na robo tatu yake ni dhahabu safi. Hii ilisoma gramu 4.1, upana uleule, unene uleule, yaani ilikuwa shaba nyeupe iliyopakwa rangi ya dhahabu. Dalali alipopigiwa simu alisema naye amedanganywa. Fedha haikurudi.

Nataka kusema wazi kwamba sioni kosa kubwa katika kudanganywa kwenyewe. Hata mimi nina sarafu mbili za bandia ambazo sijamwonyesha mtu. Kosa ninaloliona ni lile lililotangulia. Alipokuwa ananunua kwa ajili ya kujua, bei ya juu ilimfukuza, kwa sababu zipo njia nyingi za kujua bila kununua. Alipoanza kununua kwa ajili ya faida, bei ya juu ilimvuta, kwa sababu ilimthibitishia kwamba kitu kina thamani. Ugumu wa maisha ulimgeuza tabia hiyo kabla haujaigusa mifuko yake, na daftari linaonyesha hivyo: katika 610,000 za mwaka 2023, ni 190,000 tu zilizokwenda katika vitu ambavyo leo bado anavitaka.

Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilipovizuia viwanda vya sukari na bei ya sukari ikapanda nchini kote, mke wake alimwomba jambo ambalo naliona kuwa la busara kuliko ushauri wote tuliompa sisi wakusanyaji wenzake. Hakumwambia auze wala aache. Alimwambia mkusanyo uwe na mfuko wake kama kikoba kilivyo na mfuko wake, usiingie katika fedha za nyumbani na fedha za nyumbani zisiingie humo, na kwamba ukitaka kununua kitu basi kitu kingine kiuzwe au kibadilishwe kwanza. Aliuanzisha mfuko huo kwa shilingi 5,000.

Kwa mfuko wa shilingi 5,000 mtu hawezi kukusanya kila kitu, na hapo ndipo Mwalimu alipolazimika kuchagua. Alizirudia senti za tundu za babu yake. Uchaguzi huu naueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndani yake kuna utajiri ambao wengi wetu tunaupita. Senti 1, 5 na 10 za Afrika Mashariki zilitolewa kwa wingi sana kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1960, na tundu lake la katikati lilimwezesha mtu kuzitunga kwenye uzi. Kwa sababu zilikuwa nyingi, bei yake bado ni ndogo. Kwa wazee na kwa akina mama wanaouza vyombo chakavu, Mwalimu huzipata kwa shilingi 500 hadi 2,000. Lakini ukizisoma, kila moja ina lake. Herufi H ndogo inaonyesha kwamba sarafu imetoka katika karakana ya Heaton ya Birmingham, Uingereza, na KN ni karakana nyingine ya hukohuko, Kings Norton. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, njia za bahari zilipokuwa za hatari, nyingine zilitengenezwa Pretoria zikawekwa herufi SA, na nyingine Bombay. Zile za mwaka 1964 hazina jina la mfalme wala malkia, kwa kuwa nchi zetu zilikuwa zimejitawala huku zikiendelea kutumia sarafu ya pamoja.

Na ipo ya mwaka 1936. Mfalme Edward VIII wa Uingereza alitawala chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba, na huko kwao hakuna sarafu yenye sura yake iliyoingia katika matumizi ya watu. Senti za tundu hazikuhitaji sura, kwa sababu penye sura pana tundu. Zilihitaji jina tu. Kwa hiyo jina la mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakulishika mikononi katika sarafu zao, lilizunguka katika masoko ya Tanga, Mombasa na Kampala kwenye senti 5 na senti 10. Mwalimu aliipata ya senti 10 yenye herufi KN kwa shilingi 1,500, kutoka kwa mzee aliyekuwa ameifunga kwenye ufunguo wa sanduku.

Mwaka 2024 alitumia shilingi 85,000, na zote zilitokana na mfuko wenyewe: zile shilingi za simba aliziuza moja moja kwa hasara, kwa bei ya 2,000 hadi 3,000, na nyingine alizibadilisha na mkusanyaji wa Mombasa. Vifaa vya kuhifadhia alivitafuta bila gharama. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na mifuko laini ya plastiki tuliyokuwa tukiitumia wote huacha utandu wa kijani unaonata juu ya shaba, hivyo alihamishia sarafu katika bahasha za karatasi na kuweka ndani ya kopo vile vifuko vya punje za kukausha unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu. Alikoma pia kuzisafisha. Zamani alizisugua kwa ndimu na majivu, kama mama zetu walivyosugua sufuria, na hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kuiondolea sarafu thamani yake. Kanuni nyingine aliyojiwekea inahusu wanafunzi: anayemletea sarafu huambiwa kwanza aiulizie nyumbani ni ya nani. Sarafu kadhaa nzuri zimempita kwa sababu ya kanuni hiyo.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Benki Kuu ilipotoa tangazo lake, na sasa turudi kwenye meza ile ya Januari 2025. Noti zenye jumla ya shilingi 305,640 hazikuwa zimenunuliwa. Alizitoa katika mshahara wake mwenyewe mwaka 2011, toleo la 2010 lilipoanza kuonekana mitaani, akihofia kwamba zile za zamani zingetoweka. Kwa miezi kadhaa aliweka kando kila noti safi aliyoipata. Zilikaa miaka kumi na minne. Mwaka ule noti moja ya 10,000 iliweza kununua takribani lita tano za petroli jijini Dar es Salaam. Mwanzoni mwa 2025 ilinunua lita tatu na ushei. Noti haikupungua hata ncha, lakini theluthi moja ya mafuta ilikuwa imevuja ndani ya albamu.

Nilipoulizwa maoni nilimwambia azipeleke zote benki isipokuwa moja ya kila toleo, iliyo safi kuliko nyingine. Sababu yangu ilikuwa kwamba noti iliyoondolewa haigeuki kuwa adimu kwa kuondolewa tu. Maelfu ya watu hubaki nazo kwa kusahau, na wanaozitafuta ni wachache, nao hutaka isiyokunjwa kabisa. Yule mwenzetu wa Mombasa aliongeza ushahidi wake mwenyewe. Kenya ilipoondoa noti za zamani za shilingi 1,000, mwisho ukiwa tarehe 1 Oktoba 2019, yeye alibakiwa na kumi na mbili ndani ya kitabu kwa kusahau, na miaka mitano baadaye alikuwa akimpa kila mkusanyaji anayemtembelea kama zawadi.

Mwalimu hakunifuata moja kwa moja. Kazi ya kuchagua ilichukua jumapili tatu. Zilizokunjwa, zenye alama ya pini, zenye namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu na mtu asiyejulikana, ziliwekwa upande wa benki. Kulikuwa na 14 za shilingi 10,000, 11 za 5,000, tisa za 2,000, 20 za 1,000, 30 za 500 na 16 za 200. Katikati ya Machi, kwa kuwa Tanga haina tawi la Benki Kuu, alizipeleka katika benki ya biashara, akasubiri zikaguliwe, akarudi nyumbani na shilingi 251,200. Chumba cha binti kililipiwa, na kilichobaki kiliingia kwenye kikoba kupunguza mkopo.

Alizozibakiza ni tatu za 10,000, tatu za 5,000, mbili za 2,000, nne za 1,000, mbili za 500, mbili za 200 na mbili za 20. Jumla yake ni shilingi 54,440, na tarehe 5 Aprili ilipopita, kiasi hicho kilikufa kama fedha. Kwa maoni yangu alibakiza nyingi mno. Noti ya tatu ya 10,000, kwa mfano, inatofautiana na ya pili kwa saini tu, na kwa shilingi 10,000 angeweza kupata senti za tundu tano nzuri alizokuwa bado hana. Yeye anajibu kwamba saini ndiyo historia yenyewe, kwa sababu inaonyesha nani alikuwa gavana na nani alikuwa waziri, na kwamba senti za tundu atazipata mwakani lakini noti ile asingeipata tena kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Hoja yake ina nguvu kuliko nilivyopenda.

Ubishi uliobaki ni wa daftari. Mimi nimemwambia kwamba shilingi 54,440 ziandikwe kuwa matumizi ya mwaka 2025, maana alikuwa na uwezo wa kuzipata akakataa, na mtu akikataa fedha kwa ajili ya kitu, amekinunua. Yeye anasema hakutoa chochote mfukoni mwaka huo, kwa hiyo si matumizi. Mke wake, ambaye kwa kazi ya kikoba amezoea vitabu vya hesabu kuliko sisi wawili, anakubaliana nami, ila anataka mfuko wa mkusanyo uilipe nyumba kiasi hicho taratibu, shilingi 3,000 kwa mwezi, jambo ambalo lingemaliza mwaka mmoja na nusu. Mwalimu ameomba apewe muda wa kulifikiria. Nilipolirudisha daftari lake mwezi uliopita, mstari wa shilingi 54,440 ulikuwa bado umeandikwa kwa penseli.